Mzee Nikifa na Ufunguo wa Stoo

Wengi mliofika leo mlimjua marehemu kwa jina la Mzee Nikifa. Jina hilo hakupewa na wazazi wake, na kabla hatujamlaza ni vyema mjue lilikotoka. Mwenyewe alipenda kulisimulia, na kila alipolisimulia alijicheka kuliko msikilizaji.

Alizaliwa tarehe 9 Agosti 1958, mtoto wa tatu wa baba fundi cherehani na mama mkunga. Dada yake mkubwa, aliyeketi hapa mbele, anakumbuka kwamba alikuwa akilalia mkasi wa baba ili anayeutaka aje kumwomba yeye. "Mdogo wangu alipenda kuulizwa," asema dada.

Alianza shule ya msingi mwaka 1966, akamaliza sekondari mwaka 1977. Huko sekondari kulikuwa na mashine ya kurudufu karatasi iliyompaka wino kila aliyeisogelea, isipokuwa yeye. Siku moja aliugua homa, na karatasi za mtihani za madarasa ya chini zilikuwa hazijatoka. Mwalimu mkuu akamfuata bwenini, akambeba mgongoni hadi ofisini aizungushe. Marehemu alikiri kwamba raha ya mgongo ule ilimlevya miaka mingi. Alidhani mtu wa maana ni yule anayetafutwa.

Mwaka 1979 aliajiriwa karani wa masjala katika hospitali kubwa, akitunza kadi za wagonjwa. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, wenzake waliifunika kitambaa kama sahani ya mgeni, wakaiacha. Yeye aliifunua. Akasoma jioni baada ya kazi, akapanda hadi kuwa mkuu wa kitengo cha kompyuta. Kadi zote zikaingizwa kwenye mfumo, zile za karatasi zikafungiwa stoo. Ufunguo aliutia mfukoni, na nywila akazitia kichwani.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na mwalimu wa shule ya msingi, mama yetu huyu. Nyumba yao ilijaa vicheko, ila mama alikuwa na lake la kuwaambia wageni: "Mimi nina mke mwenzangu, kompyuta. Akikohoa tu, bwana anaondoka na kijiko mkononi."

Machi 2004 baba mkwe wake alifariki, wakasafiri kwenda kuzika mahali ambapo simu haikushika mtandao. Huku nyuma mfumo ukagoma. Chumba cha upasuaji kilikuwa na mtoto anayesubiri, na kulikuwa na dawa iliyowahi kumdhuru. Jina la dawa hiyo lilikuwa kwenye mfumo uliogoma na kwenye kadi yake iliyofungiwa stoo.

"Ufunguo wa stoo uko wapi?" aliuliza sista mkuu wa zamu.

"Anao fundi wa kompyuta," alijibu karani wa masjala.

"Na nywila?"

"Anazo fundi."

"Na fundi mwenyewe?"

"Yuko msibani, sista."

Sista akaagiza mlango uvunjwe. Kadi ikapatikana, mtoto akapona.

Marehemu aliporudi, alisimama mbele ya zile mbao zilizopasuka, akafoka: "Nani kavunja mlango wangu?"

"Mlango wako?" sista alimjibu. "Mdogo wangu, umekwenda kuzika tu, tumekaribia kumpoteza mtoto wa watu. Sasa wewe ukifa?"

Jioni hiyo, mama anasema, alikaa na kikombe mkononi hadi chai ikapoa.

Tangu hapo, katika kikao chochote cha kununua mtambo au kubadili mfumo, aliuliza jambo hilo hilo: "Sawa, ni nzuri. Sasa nikifa?" Vijana wakampachika jina, naye akalipokea. Aliwafundisha kila alichokijua, kisha akabuni mtihani wake mwenyewe. Mara kwa mara, siku asiyoitangaza, alizima simu, akaenda kuketi kwenye benchi la mapokezi katikati ya wagonjwa, akasema, "Leo nimekufa."

"Mzee, mashine za maabara hazisomi!"

"Marehemu haulizwi swali."

"Basi marehemu asogee," binti mmoja fundi alimwambia, "amekalia waya wangu."

Lakini mazoea yana taabu. Mara ya kwanza aliinuka benchini upesi, akaenda kurekebisha mwenyewe, nao wakapiga kelele, "Amefufuka!" Hata alipostaafu mwaka 2018 hakuwa amewahi kufa akamaliza. Walipokwama, lazima angenong'oneza jibu. Hilo lilimsumbua. Alimwambia mama, "Nimewapa funguo zote, ila mkono wangu bado uko kwenye kitasa."

Mwaka 2021 figo zilianza kumtesa. Alitibiwa katika hospitali ile ile, akiuguzwa na watu waliomwita baba. Asubuhi ya tarehe 16 Mei 2023 skrini za wodi zilizimika zote. Muuguzi mmoja akakimbilia kitanda chake cha dirishani. "Mzee, tufanyeje?"

Mama alikuwepo. Alimwona akiegemea kiwiko, ameshafumbua mdomo. Kisha akajilaza tena taratibu.

"Marehemu haulizwi swali," akasema.

Yule binti wa waya, ambaye sasa ndiye mkuu wa kitengo, akapita mbio na wenzake. Baada ya muda skrini zikawaka.

"Jibu ulikuwa hulijui?" mama akamuuliza.

"Nalijua."

"Na hukusema?"

"Wanalijua na wao, mama watoto." Akacheka hadi akakohoa.

Alifariki alfajiri iliyofuata, tarehe 17 Mei 2023. Asubuhi hiyo foleni ya wagonjwa ilisogea kama siku zote.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada yake mkubwa, na mafundi wa kitengo waliosimama kule nyuma. Simu yake anayo mama. Tangu juzi imeita mara nyingi, na wote waliopiga walikuwa wakitoa pole. Hakuna hata mmoja aliyeuliza afanyeje.

Lala, Mzee Nikifa. Pumzika kwa amani, leo hatukuamshi.