Mama Gaudensia na Ukoo wa Lugha za Ulaya

Baada ya kupanga wakalimani wetu kwa miaka ishirini na sita, Mama Gaudensia Kokutona anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Agosti. Ofisi yetu ya ukalimani, huku ughaibuni Edmonton, imejiandaa vizuri: keki ipo, kadi ipo, wa kushika kazi yake hayupo.

Alianza kwa kuboronga. Kwao Bukoba, Mhaya na jirani yake Mnyambo husikilizana bila msaada wa mtu, basi hospitali ilipoomba mkalimani wa mgonjwa wake wa kwanza, Mhungaria, yeye alimpeleka wa Kiromania, maana nchi zao zinapakana. Hawakuelewana hata salamu. Ndipo alipofundishwa kuwa ndugu wa Kihungaria wako mbali huko Ufini, na hao nao wakikutana hawasikilizani. Tangu hapo hakuamini ramani wala undugu.

Mwaka juzi meneja wetu mpendwa, Bwana Alkesh, alirudi kutoka semina na habari njema. Kiitaliano, Kihispania, Kireno na Kiromania zote zimezaliwa na Kilatini, kwa hiyo mkalimani mmoja wa Kiitaliano angetosha. “Ni family moja, Mama Gaudensia, tuta-save sana,” alisema. Tatiana, mkalimani wetu wa Kiromania, angekosa kazi, na wagonjwa wake wangebaki kubahatisha. Mama Gaudensia alieleza kwamba Kiromania kimekaa karne nyingi na Waslavi, kikaokota maneno yao. Alisikilizwa kwa adabu zote, kisha Tatiana akapewa notisi.

Wiki hiyohiyo mama mzazi wa Bwana Alkesh, msemaji wa Kigujarati, alikuwa afanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho, na hospitali ikatuomba mkalimani. Mama Gaudensia akampeleka Tatiana. Utaratibu mpya wa meneja ulifuatwa: Kigujarati na Kiromania ni ukoo mmoja, wa mbali kidogo, lakini wataalamu wanaukubali. Tatiana alieleza hatari zote za upasuaji kwa Kiromania safi kabisa. Bibi aliogopa, akang'ang'ania kiti. Mwanawe, ambaye hospitali haikumruhusu kumtafsiria mzazi wake, alitokwa jasho.

Kwa bahati, au tuseme hivyo, Mama Gaudensia alikuwa kwenye korido. Aliingia, akatoa shikamoo, akaeleza kila kitu kwa Kiswahili, lugha isiyo na undugu na zile mbili, ambayo bibi aliitumia kuuza vitenge Mwanza enzi za ujana wake. “Sasa nimesikia, mama,” alisema bibi. “Haya, waambie wafanye.”

Notisi ya Tatiana ilifutwa kabla ya chakula cha mchana. Bwana Alkesh ameisoma habari hii na kuruhusu ichapishwe, na kwa hilo tunamheshimu.

Mama Gaudensia, tunakushukuru sana, na tutakukumbuka kila simu itakapolia. Ukapumzike Bukoba kwa afya na furaha, ule ndizi zako bila kuitwa na hospitali yoyote. Ijumaa Bwana Alkesh atatoa hotuba rasmi kwa Kiingereza. Baada yake atasimama Tatiana kukuaga kwa Kiromania, na amekataa katakata kututafsiria.