Bi. Monika Nyanzala, Aliyekataa Asilimia Tatu

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Bi. Monika Nyanzala, fundi sanifu mwandamizi wa maabara yetu hapa Mpanda, anavua koti jeupe na kustaafu. Wengi tunamwita Mama Asilimia. Hata chai yake huitumbukizia kipimajoto. Ikizidi sitini haigusi.

Alianza kazi akiosha chupa, akajiendeleza likizo kwa likizo hadi akatupita wenye vyeti. Umahiri wake ni kukisia tabia za vimiminika ambavyo havimo vitabuni. Chukua kolini, ile ya chakula cha kuku, na urea, mbolea ileile ya mahindi. Zote ni kavu. Changanya kwa kipimo, pasha moto kidogo, unapata kimiminika kizito ambacho hakigandi hata kikipoa. Ukikichemsha kinaharibika, kwa hiyo joto la kuchemka kwake hukisiwa kwa hesabu, kutokana na maumbile ya molekuli. Kwa hesabu hiyohiyo unakisia uzito wa lita moja, kisha unaupima mezani, uone kama hesabu inasema kweli.

Februari 2019, wafugaji nyuki wa Ugalla, wakiongozwa na Mzee Malale, walituletea kilo sitini za gundi ya nyuki, ile ambayo nyuki huzibia nyufa za mzinga, mavuno yao ya msimu mzima, tuiyeyushe kwa kimiminika hicho badala ya spiriti. Tulichanganya kolini na urea, tukapima uzito wa lita. Kipimo kikapishana na makisio kwa asilimia tatu. Tukasema hesabu imekosea, tuendelee, maana mkuu wa wakati ule alitaka kazi iishe Ijumaa. Mama akagoma kusaini. Alisema michanganyiko tisa iliyotangulia haikupishana hata kwa asilimia moja, kwa hiyo kosa limo ndani ya chupa. Jamani, tulimcheka! Akaandikiwa barua ya kujieleza, na kazi yake ikawa hatarini.

Siku tatu akakausha, akapima, akakausha tena. Kumbe pipa la kolini liliachwa wazi msimu ule wa mvua, likanywa unyevu wa hewani. Mchanganyiko mkavu ukalingana na makisio mpaka raha. Ule wa kwanza tuliujaribu kwa kijiko kimoja cha gundi, ikawa bonge lisilofaa kitu. Jasho la watu wa Ugalla lingeishia hapo.

Barua aliijibu kwa mstari mmoja: namba mbili, ya makisio na ya kipimo, na sahihi. Mkuu alipouliza nani aliacha pipa wazi, Mama alijibu kwamba swali hilo halimo kwenye barua. Kwa kukataa kumtaja mtu akabaki na onyo kwenye faili lake, na mwenye kosa akapandishwa cheo mwaka uliofuata.

Mwenye kosa ni mimi, Stanslaus Lyamba. Mama alijua tangu siku ile kosa lilipogunduliwa, na miaka yote hii hajanikumbusha hata kwa utani. Nimeomba niandike wasifu huu ili niliseme hili mbele yenu nyote, na nimemwandikia mkuu wa sasa kwamba onyo lile lihamie kwenye faili langu.

Mama, asante sana, na unisamehe. Mungu akupe afya na pumziko jema.