Maisha ya Letisia Ndayikeza, Mkaguzi wa Vituo vya Kulelea Watoto

Ndugu, majirani na rafiki mliofika hapa Nyarusange leo, Jumamosi tarehe 13 Septemba 2025, familia imenituma mimi Crispin, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya dada yetu Letisia.

Letisia alizaliwa tarehe 2 Mei 1979 katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Tabora, nchini Tanzania. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu baba yetu Elias na mama yetu Kasilda, wenyeji wa Gashoho, Muyinga. Alisoma shule ya msingi hukohuko Ulyankulu na sekondari Tabora mjini, kisha akasomea ualimu wa watoto wadogo. Mama anakumbuka kwamba Letisia, kabla ya kwenda kuchota maji, alituketisha wadogo zake wote kwenye mkeka, akatuhesabu, akafika mlangoni, akarudi kutuhesabu tena.

Tarehe 17 Novemba 2001 alifunga ndoa na Kasiano, kijana wa familia ya hapa Nyarusange aliyekulia makazi yaleyale. Mungu aliwajalia Happy na Fredi. Mwaka 2009 walirudi Burundi pamoja na wazazi wetu. Walianzia Gashoho, Kasiano akilima na Letisia akifundisha watoto wa chekechea. Mwaka 2016 Letisia alipata kazi ya ukaguzi wa vituo vya kulelea watoto, wakahamia Gitega, mtaa wa Magarama.

Kazi hiyo aliipenda, ingawa ilimchosha moyo. Alituambia makosa anayoyakuta ni yaleyale kila anakopita: watoto wengi mno chini ya mlezi mmoja, mbabula, yaani jiko la makaa, ndani ya chumba wanamolala, dawa ya kufulia kwenye chupa ya soda, shimo la choo lisilo na kifuniko, mlango uliofungwa kwa nje. Hakupenda kufunga kituo cha mtu. Alionya kwanza, akaeleza la kufanya, akaenda zake, akarudi kuangalia.

Mwaka 2019 zamu ilifika ya kituo cha Jeska, dada yake Kasiano. Letisia alikuta mlango mmoja tu, una kufuli kwa nje, na ndani watoto wamelala karibu na mbabula inayowaka. Jeska hakuwapo. Alipofika akiwa na kapu la sokoni, alicheka kwa haya.

"Wifi, we iko mutu wa nyumbani. Utanifungia mi?"

"Leo sikuja kama wifi. Moto ukiwaka humu, nani atafungua kufuli?"

"Mi niko hapa tu, siendake mbali."

"Jeska, umetoka sokoni sasa hivi."

Alimpa mwezi mmoja. Aliporudi, kufuli lilikuwa palepale. Akafunga kituo.

Siku hizo zilikuwa ngumu kwake kuliko zote. Mama mkwe alikataa kula chakula chake. Kasiano mwenyewe, na amekubali niliseme hili, alikaa naye nyumba moja bila maneno. Letisia alilia jikoni, akajifuta, akaenda kazini.

Kisha asubuhi moja Arielle, mama wa Uvira anayeuza vitenge sokoni Gitega, alikuja na mwanawe mgongoni, akamshusha barazani.

"Mama inspekta, ulifunga kule kwa Jeska. Sasa mi nitauzisha namna gani na huyu? Basi, chunga wewe."

Wenzake walikuwa nyuma yake, kila mmoja na mtoto wake. Letisia hakubishana. Aliomba likizo kazini, akatandika mikeka, akapika uji. Mchana Kasiano alirudi kutoka shambani, akasimama akitazama, na kwa mara ya kwanza tangu ugomvi ule akamsemesha.

"Mama Happy, ungekagua baraza hii leo, ungefanyaje?"

"Ningeifunga," alijibu, nao wakacheka mpaka watoto wakaamka.

Siku chache baadaye Jeska alikuja. Hakusalimu. Aliingia tu, akambeba mtoto aliyekuwa akilia, maana watoto waliijua sauti yake. Wanawake hao wawili walifanya kazi bega kwa bega bila kuongea. Likizo ilipokwisha, Kasiano alikuwa ametoboa mlango wa pili katika kituo cha dada yake, jiko limejengwa nje, na walezi wawili wameongezwa. Kituo kikafunguliwa. Lakini Jeska na Letisia hawakula pamoja kwa miaka mingi.

Mwezi wa pili mwaka 2024 Letisia aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo. Alitibiwa Gitega na Bujumbura, akadhoofika polepole, akaacha kazi. Mwezi wa saba mwaka huu Happy alijifungua, na dada yetu akampakata mjukuu wake wa kwanza mara moja tu, akishikiliwa mikono. Alipolazwa tena, Jeska alihamia hospitalini kumuuguza. Siku moja akimlisha uji alisema, "Wifi, nilikukasirikiaka sana." Letisia alijibu, "Najua. Hata mimi nililia." Jeska akaweka kijiko chini, akamkumbatia.

Letisia alitutoka Alhamisi tarehe 11 Septemba 2025 alfajiri, akiwa na miaka arobaini na sita. Jeska ndiye aliyemwosha na kumvisha.

Ameacha mume wake Kasiano. Watoto wake Happy na Fredi. Mkwe wake Olivier, mume wa Happy. Mjukuu mmoja ambaye hatamkumbuka, na sisi tutamsimulia. Mama yetu Kasilda. Mimi na dada yangu Lucia. Na wifi yake Jeska.

Mungu ampokee dada yetu na kumpumzisha katika amani yake. Amina.