Blanketi la Mtoto wa Rafiki

NYIRARUKUNDO: Haloo? Ni nani huyo?

GAKWAYA: Haloo. Habari za asubuhi, mama.

NYIRARUKUNDO: Muzuri. Ni nani? Hii namba siko nayo.

GAKWAYA: Ni mtu wa Mbugangari.

NYIRARUKUNDO: Mbugangari iko na watu wengi, muzee. Sema jina. Niko na mashine mbele yangu, na mutu anangoja robe yake hapa kwa mulango.

GAKWAYA: Ni Gakwaya. Baba yake Igor.

[Cherehani inasimama.]

NYIRARUKUNDO: Gakwaya.

GAKWAYA: Naam.

NYIRARUKUNDO: Gakwaya bamwana wangu? Ule mutoto wake ameoa Akaliza wangu?

GAKWAYA: Huyo huyo. Sidhani kama kuna mwingine.

NYIRARUKUNDO: Yebaba we! Tangu arusi, mwaka moja na miezi ine! Mi nilizani simu yako ilianguka mu Kivu, samaki wanaongea nayo.

GAKWAYA: Simu iko salama. Nilikuwa na shughuli nyingi.

NYIRARUKUNDO: Shughuli gani? Si ulipata pansheni?

GAKWAYA: Mstaafu naye ana shughuli zake. Mama Akaliza, nimepiga kwa sababu nina swali la kitaalamu.

NYIRARUKUNDO: La nini?

GAKWAYA: La ushonaji.

NYIRARUKUNDO: Rudia. Laini inakwaruza, hapa Busasamana simu inaruka inashika mutandao ya Kongo. Umesema ushonaji?

GAKWAYA: Ushonaji. Kuna rafiki yangu—

NYIRARUKUNDO: Aha. Rafiki.

GAKWAYA: —rafiki yangu, mtu mzima, ameanza kushona blanketi la viraka. Si viraka vya kupanga mraba kwa mraba. Ni vile vya kichaa, kila kipande na umbo lake, hariri karibu na mahameli, na uzi wa rangi unapita juu ya kila mshono. Aliona picha kitabuni.

NYIRARUKUNDO: Kitabu gani?

GAKWAYA: Cha Kifaransa. Alikipata sokoni. Kitabu kizuri sana, ila kurasa kumi na mbili za mwanzo hazipo. Nadhani mwenye nacho alifungia karanga.

NYIRARUKUNDO: Donc rafiki yako ameanzia ukurasa ya kumi na tatu.

GAKWAYA: Angefanya nini? Ukurasa wa kumi na tatu unasema, “Sasa kwa kuwa umekwisha kuanza.”

NYIRARUKUNDO: [anacheka] Oya, oya, ngoja niikale. We mama ya robe, kuya kiisha saa sita, niko na mugonjwa kwa simu! Bon. Huyo rafiki, blanketi yake iko na shida gani?

GAKWAYA: Halikai. Alishona kipande cha kwanza, akaunga cha pili ubavuni, cha tatu, mpaka ishirini na tisa. Sasa nikilitandaza mezani—akilitandaza mezani—pembe zinajikunja, na katikati limesimama juu kama mlima Nyiragongo.

NYIRARUKUNDO: Kama Nyiragongo! Inatoa moshi?

GAKWAYA: Mama Akaliza, nauliza jambo la maana.

NYIRARUKUNDO: Na mi najibu jambo la maana. Alishonea juu ya nini?

GAKWAYA: Juu ya meza.

NYIRARUKUNDO: Muzee! Kitambaa ya chini iko wapi? Musingi?

GAKWAYA: Kuna msingi?

NYIRARUKUNDO: We ukijenga nyumba unaanza na mabati? Sikiliza. Uko na kalamu?

GAKWAYA: Ninayo. Na daftari.

NYIRARUKUNDO: Rafiki yako iko na daftari?

GAKWAYA: ...Namwandikia.

NYIRARUKUNDO: Andika basi. Twaa shuka ya zamani, ya pamba, ile imefuliwa mupaka imekuwa laini. Njo musingi. Kata kipande moja ya pembe tano, weka pale katikati. Usipime.

GAKWAYA: Asipime?

NYIRARUKUNDO: Usipime!

GAKWAYA: Lakini nina rula. Miaka thelathini ofisini sikupiga mstari bila rula.

NYIRARUKUNDO: Rula weka kwa sanduku, funga sanduku, ufunguo peleka kwa jirani. Hii kazi haipendi rula. Kipande ya pili unalalisha juu ya ya kwanza, uso kwa uso, unashona ukingo moja tu, mushono unapita mupaka kwa shuka. Kiisha unafunua, unapiga pasi.

GAKWAYA: Uso kwa uso... unafunua... pasi.

NYIRARUKUNDO: Ya tatu vile vile, inafunika ncha ya zile mbili. Unazunguka tu, unazunguka, mupaka shuka inaisha. Kila kipande inashikwa na shuka. Njo maana haitasimama.

GAKWAYA: Kumbe. Kumbe ni jambo rahisi namna hiyo!

NYIRARUKUNDO: Rahisi?

GAKWAYA: Hapana. Si rahisi. Nimesema vibaya.

[mtandao unakwaruza]

NYIRARUKUNDO: —unanisikia? Ngoja nitoke inje, nisimame kwa mulima ya viazi. Haya. Ile aliisha kushona, afumue yote.

GAKWAYA: Yote ishirini na tisa?

NYIRARUKUNDO: Yote. Pole pole, asikate kitambaa. Kiisha kuweka upya kwa shuka, njo unatembeza uzi ya rangi juu ya mushono. Kuna mutindo ya mifupa ya samaki, ya unyoya ya kuku—

GAKWAYA: Mifupa ya samaki naijua! Ukurasa wa thelathini na nne. Nimeifanyia mazoezi kwenye mfuko wa mchele. Imetoka kama sambaza halisi, wale dagaa wa Kivu.

NYIRARUKUNDO: Umeifanyia mazoezi.

GAKWAYA: Kidogo tu.

NYIRARUKUNDO: We mwenyewe.

GAKWAYA: Kumwonyesha rafiki.

NYIRARUKUNDO: Bon. Tuendelee na rafiki.

GAKWAYA: Kuna swali lingine. La rangi. Blanketi ni la mtoto mchanga. Sasa huyu rafiki hajui ashike rangi gani ya uzi. Kama mtoto ni... yaani, itategemea kama mtoto ni...

NYIRARUKUNDO: Ni nini?

GAKWAYA: Ni vile alivyo.

NYIRARUKUNDO: Rafiki yako hajui mutoto ni mukobwa ao muhungu?

GAKWAYA: Mwanawe alimwandikia ujumbe kwenye simu. Mfupi sana. “Mtoto amezaliwa, wote wazima.” Basi. Aliusoma mara nyingi akidhani kuna ukurasa wa pili.

NYIRARUKUNDO: Na hakuuliza?

GAKWAYA: Ni mtu mwenye... Ana namna yake.

NYIRARUKUNDO: Iko na kiburi.

GAKWAYA: Mimi singetumia neno hilo.

NYIRARUKUNDO: Mi nalitumia. Muambie ni mukobwa.

[kalamu inaanguka sakafuni]

NYIRARUKUNDO: Haloo? Laini imekatika?

GAKWAYA: Niko hapa. Ni msichana.

NYIRARUKUNDO: Mukobwa. Iko na nywele mingi sawa kofia, na analia sawa mutu anasoma hotuba. Hakuna kwetu mutu wa kulia vile. Ile sauti ilitoka upande mwingine.

GAKWAYA: Hotuba! [anacheka, anakohoa] Umesikia? Hotuba! Na mama yake?

NYIRARUKUNDO: Akaliza anakula, analala, ananiamrisha. Niko naye hapa mupaka apate nguvu. Igor anafika kesho kutwa kutoka kazini. Na huku juu baridi ya volkano haina huruma. Blanketi itatumika.

GAKWAYA: Basi uzi wa njano.

NYIRARUKUNDO: Njano muzuri. Na vitambaa, umetoa wapi? Caguwa, nguo ya mitumba, siku hizi haipatikani.

GAKWAYA: Nyumbani. Tai zangu. Tai kumi na moja za kazi, moja ina milia ya kijani. Mahameli ni ya mto wa kiti. Bitana ya koti la mvua. Na suti.

NYIRARUKUNDO: Suti gani?

GAKWAYA: Suti ya zamani tu.

NYIRARUKUNDO: Rangi gani?

GAKWAYA: Kijivu.

NYIRARUKUNDO: Kijivu yenye laini nyeupe ndogo ndogo?

GAKWAYA: Ndiyo.

NYIRARUKUNDO: Ile ya siku ya gusaba. Siku mulikuja hapa kuomba bibi.

GAKWAYA: Hiyo.

NYIRARUKUNDO: Gakwaya, ile suti ulikuwa unaitunza sawa yayi! Ulikataa hata kuikalia kwa kiti yangu mupaka wakakupangusia! Umekata?

GAKWAYA: Umebaki mkono wa kushoto.

NYIRARUKUNDO: Kwa nini?

GAKWAYA: Hainitoshi.

NYIRARUKUNDO: Umenenepa?

GAKWAYA: Hapana.

[upepo unapiga kwenye simu]

NYIRARUKUNDO: Nikuambie kitu, muzee. Siku ya gusaba, utani si mubaya. Ni desturi. Mbele ya kupewa mutoto wetu, upande wenu munasema, upande wetu tunasema, tunakataa, tunawatukana kidogo, watu wanacheka. Ungesema siku ile kwamba mi niko kipofu na kilema, ningepiga makofi.

GAKWAYA: Najua.

NYIRARUKUNDO: Lakini utani iko na saa yake. Kiisha mutoto kutolewa, kinywaji kimepokelewa, tumekuwa jamaa, maneno ya mashindano yanafungwa. We ulisimama kiisha. Watu wamenyamaza wanakula. Ukashika mikro. Ukasema—

GAKWAYA: Nakumbuka nilichosema.

NYIRARUKUNDO: —“Mwanangu amesoma mupaka juu, leo amekuja kuoa kwa mushona viraka.”

GAKWAYA: Nilidhani watacheka.

NYIRARUKUNDO: Hakuna mutu alicheka.

GAKWAYA: Hakuna. Hata Igor. Igor hasa.

[mtandao unakwaruza, unatulia]

GAKWAYA: Mama Akaliza.

NYIRARUKUNDO: Niko.

GAKWAYA: Mimi nilisoma masomo ya jioni, kule Ngara, Tanzania. Nikitoka shambani nanawa miguu, nakwenda darasani na taa yangu mkononi. Nilipata cheti nikiwa na miaka thelathini na minne. Tangu hapo nilijua kuna kazi za watu waliosoma na kuna kazi nyingine. Sasa nina wiki tatu na hii sindano, tangu niliposikia Akaliza anakaribia kujifungua. Nimejichoma mpaka kitabu kina damu. Naunga kipande kwa kipande, nalala nikiota pembe. Mshono mmoja, mmoja tu ulionyooka, ulinichukua asubuhi nzima. Sikujua.

NYIRARUKUNDO: Hukujua nini?

GAKWAYA: Kwamba ni vigumu. Viraka ni vigumu, mama Akaliza.

NYIRARUKUNDO: [kwa sauti ya chini] Njo. Ni vigumu.

GAKWAYA: Ni hilo tu nililopigia.

NYIRARUKUNDO: Na mushono ya rafiki?

GAKWAYA: Rafiki amekwenda zake.

NYIRARUKUNDO: [anacheka] Vizuri, alikuwa ananichosha. Bon. Jumamosi mutoto anafika siku nane, tunamupa jina.

GAKWAYA: Nimesikia. Twagirimana wa pikipiki aliniambia.

NYIRARUKUNDO: Na yeye aliambiwa na nani?

GAKWAYA: Sijui. Watu wa pikipiki husikia mengi.

NYIRARUKUNDO: Hakusikia. Mi njo nilimutuma. Nilimuambia apite mbele ya nyumba yako, asimame, aseme kwa sauti, sawa habari ya njiani tu.

GAKWAYA: Alisimama kweli. Nikashangaa anapiga kelele vile kwa nani, maana barabarani hapakuwa na mtu.

NYIRARUKUNDO: We njo ulikuwa mutu.

GAKWAYA: Kwa hiyo naweza... yaani, babu kwa desturi hutoa jina la kwanza. Nimeandaa majina manne. Yamo daftarini. Blanketi nitamaliza Ijumaa, nitalipiga pasi, nitalifunga kwenye karatasi ya—

NYIRARUKUNDO: Hapana.

GAKWAYA: Hapana nini? Nisije?

NYIRARUKUNDO: Kuya. Jina utatoa. Lakini usimalize blanketi.

GAKWAYA: Nije na zawadi nusu?

NYIRARUKUNDO: Acha ukingo. Ile ya kuzunguka pande ine, usiguse. Leta vile iko, na sindano, na uzi yako ya njano. Ukingo utashonea hapa. Mbele ya watu.

GAKWAYA: Mbele ya watu?

NYIRARUKUNDO: Watu bote. Ndugu zangu, kwaya, jirani, bote walikuwa siku ile. Utakaa kwa kiti yangu, mi nitakaa kando yako. We unashona upande wako, mi nashona wangu.

GAKWAYA: Mama Akaliza, mimi ni mtu wa miaka sabini na mbili.

NYIRARUKUNDO: Na mi sitini na nane. Tutaenda pole pole.

GAKWAYA: Watasema, tazama Gakwaya, mshona—

NYIRARUKUNDO: Malizia.

GAKWAYA: Mshono wangu umepinda. Wataona.

NYIRARUKUNDO: Wataona. Si iliitwa ya kichaa?

GAKWAYA: Labda asubuhi na mapema, kabla wageni hawajafika? Tukae wawili, watatu—

NYIRARUKUNDO: Saa nane. Kiisha kinywaji kupokelewa. Watu wakinyamaza.

GAKWAYA: Mtaka cha mvunguni...

NYIRARUKUNDO: Njo, inama basi! Mutoto iko huko chini anakungoja.

[mlio mfupi kwenye simu]

GAKWAYA: Hiyo ni simu yangu. Unite zinaisha. Nilinunua za swali moja.

NYIRARUKUNDO: Donc unakuja ao hukuji? Sema mbio!

GAKWAYA: Nitafika saa saba.

NYIRARUKUNDO: Nimesema saa nane! Saa saba utafanya nini?

GAKWAYA: Nitakuwa naingiza uzi kwenye sindano. Hunichukua saa nzima.

NYIRARUKUNDO: [anacheka mpaka anakohoa] Yebaba, Gakwaya we! Saa nzima! Kuya saa sita basi, ukule kwan—

[Laini inakatika.]