Siku Maziwa ya Bihogo Yalichemka

[Biro ya Masisi na zahanati ya kambi ya Omate, mwaka 1955. Simu ya kampani, ile ya kuzungusha mukono.]

MBONIGABA: Haloo? Haloo, Omate! Ni nani huko?

MAKUZA: Haloo! Hapa ni dispansère ya kambi, mimi anfirmie Makuza. Sema kwa nguvu, laini inakwaruza!

MBONIGABA: Ni Mbonigaba! Mbonigaba, karani wa Masisi, mutoto wa katekista Kanyamibwa!

MAKUZA: Mbonigaba! Shemeji! Jambo, shemeji! Watu wa nyumbani wote—

MBONIGABA: Pole pole. Shemeji ya nani? Hilo neno uliliacha kwetu Burungu, wakati ulipanda kamyo unakimbia.

MAKUZA: Sikukimbia.

MBONIGABA: Kofia yako iko kwetu mpaka leo. Mutu mwenye hakimbie anasahau kofia?

MAKUZA: Niambie kitu kimoja tu. Bihogo inatoa maziwa?

MBONIGABA: Eh! Tusalimiane kwanza kama watu. Kule kwenu mvua inanyesha?

MAKUZA: Inanyesha tangu Nuhu! Bihogo—

MBONIGABA: Ah? Nuhu unamujua? Siku ile mbele ya kanisa hukumujua hata kidogo.

MAKUZA: Mbonigaba, nakuomba.

MBONIGABA: Na hiyo kelele nyuma yako ni nini?

MAKUZA: Ni Kabera, anapakia kamyo. Anapanda Masisi leo. Yeye njo aliniletea habari, na aliniletea nusu! Alisema dada yako Emérita alichemsha maziwa ya ngombe ya Papa Kanyamibwa mbele ya watu wote, jioni ngombe ikapiga teke chombo, maziwa ikamwangika chini. Kisha akawasha kamyo, akaenda, amerudi leo tu, anasema hajue zaidi! Wiki yote sina raha. Juzi nilifunga bandeji ku mukono muzima ya mutu.

MBONIGABA: [anacheka] Na mukono ya kidonda?

MAKUZA: Mwenyewe alinionyesha. Akasema, munganga, ni huu.

MBONIGABA: Ayi, ayi, ayi! Basi sikiliza. Habari ya nusu njo imekuharibu, mimi nitakupa yote, kwa mupango. Siku ya Mungu ile, misa imeisha, watu wamejaa mbele ya kanisa, wewe na shati yako nyeupe. Nani alikuita mu ile mabishano?

MAKUZA: Si baba yako? Alisema mbele ya watu kwamba hawezi kutoa binti yake kwa mutu mwenye anaamini mikroskopi kuliko Mungu.

MBONIGABA: Na wewe ungenyamaza tu! Lakini hapana. Ukasema Mungu hujamuona, mikrobe umeiona. Ukasema mvua haitoke kwa maombi ya Papa, inatoka ku maji yenye jua inapandisha. Papa akakuuliza: na hiyo jua, nani aliiwasha? Watu wakapiga mikono. Ukasema watoto wanakufa na homa juu ya maziwa mabichi, maziwa inapaswa kuchemka. Hapo watu hawakupiga mikono.

MAKUZA: Ni kweli! Nimeona mikrobe na macho yangu—

MBONIGABA: Sisi wote tulijua ni kweli, njo maana tulinyamaza. Lakini mutu kuchemsha maziwa! Ngombe ikauke! Hata mutoto wa kunyonya kwetu anajua hiyo. Kisha mama yako Nyiramahoro akasimama. Mama yako, si wetu. Akasema, mwanangu, wewe mwenye hauogope kitu, maziwa ya ngombe yangu ni hii, moto ni ule wa Mama Adelaïde, pale pembeni ya kanisa. Chemsha.

MAKUZA: Najua. Nilikuwa pale.

MBONIGABA: Ulikuwa pale mpaka maziwa ilianza kutoa povu pembeni. Kisha ukatoa sufuria ku moto. Na vidole! Bila kitambaa!

MAKUZA: Viliungua. Mpaka leo.

MBONIGABA: Juu ya nini ulitoa? Nataka unieleze. Sema polepole, sema vizuri.

MAKUZA: Nani anapumua hapo?

MBONIGABA: Ni laini.

MAKUZA: Inapumua kama mutu muzee.

MBONIGABA: Laini iko muzee. Juu ya nini ulitoa?

MAKUZA: Mama alifunika uso na kitambaa. Niliona mabega inatetemeka. Ile ngombe yake njo ilinisomesha, Mbonigaba. Maziwa yake njo ilinunua kaptula yangu ya masomo, viatu, sabuni, yote. Nikajiambia, na kama? Hiyo tu. Na kama ni kweli? Mukono ikaenda yenyewe. Kisha watu wakacheka, nikamuona baba yako anacheka, nikamuona Emérita... Yeye hakucheka. Hiyo njo iliniuma zaidi. Kamyo ilikuwa inapita, nikapanda. Konje yangu, siku zangu za kupumzika, ilikuwa haijaisha hata.

MBONIGABA: Kwa hiyo haujaona nini ilifuata.

MAKUZA: Si nakuambia! Kabera alinipa nusu!

MBONIGABA: Basi shika simu vizuri. Papa alikuwa amesimama pale, furaha inamujaa mpaka masikio. Anasema, mumeona? Mumeona hiyo sayansi yenu? Watu wanacheka. Ghafula Emérita anapita katikati. Anasema, Papa, wewe kila siku ya Mungu unatufundisha miiko ya wazee ni mambo ya wapagani, tuitupe, Mungu peke anatosha. Ndiyo ao hapana? Papa anasema ndiyo. Anasema, basi juu ya nini unafurahi Makuza ameshindwa kuvunja muiko?

MAKUZA: Alisema vile? Mbele ya watu?

MBONIGABA: Mbele ya watu, mbele ya mke wa chef wa kijiji, mbele ya mbuzi! Papa akakamata fimbo yake vizuri. Akasema, hiyo ni kitu ingine. Emérita anauliza, ingine namna gani? Papa anasema, ngombe ni ngombe.

MAKUZA: [anacheka] Ngombe ni ngombe!

MBONIGABA: Cheka tu, sisi hatukucheka. Emérita akaenda nyumbani mbio, akarudi na maziwa ya Bihogo. Na Bihogo, usisahau, ni ile yenye mama yako alileta kwetu wakati mulikuja kuomba uchumba. Akaweka ku moto. Makuza, wewe ulitoa sufuria wakati wa povu. Yeye aliiacha mpaka ikapanda, ikamwangika mu moto: shiiii! Wamama wakapiga makelele. Mama Joséphine-Marie akaanguka chini, kweli kabisa, na miguu juu. Emérita akanywa. Akaniangalia mimi.

MAKUZA: Na wewe ulikunywa?

MBONIGABA: Nilifunga macho, nikakunywa. Ilinichoma ulimi. Mpaka leo chumvi sisikie.

MAKUZA: Wewe ni mwanaume, Mbonigaba!

MBONIGABA: Njo Papa akainua fimbo yake, akasema neno, watu wote ni mashahidi. Kama Bihogo inakauka mbele ya siku ya Mungu ingine, jina ya Makuza isitajwe tena mu nyumba yangu. Kama inatoa, tutaongea mambo ya binti.

MAKUZA: Siku ya Mungu ingine ni... imepita! Ilikuwa jana!

MBONIGABA: Ndiyo, ilikuwa jana.

MAKUZA: Na?

MBONIGABA: Haloo? Laini inakwaruza.

MAKUZA: Haikwaruze! Nakusikia vizuri! Mbonigaba, inatoa ao haitoe? Ile teke ya jioni si kitu, ngombe iliogopa tu, kila mutu wa Burungu alikuja kuiangalia, si vile? Na Emérita alikuwa ananuka moshi. Ni jambo ya kueleweka. Hakuna uhusiano kati ya moto na kiwele, ni vitu viwili. Ni sayansi. Si vile?

MBONIGABA: Kama ni sayansi, bandeji ulifunga ku mukono muzima juu ya nini?

MAKUZA: Acha mambo ya bandeji.

MBONIGABA: Hii wiki yote ulifanya nini kwa ngombe yetu? Kabera hakutuletea dawa.

MAKUZA: Nitume dawa ya nini? Ngombe haigonjwe.

MBONIGABA: Basi ulikaa tu?

MAKUZA: Usicheke.

MBONIGABA: Sicheke.

MAKUZA: Apa.

MBONIGABA: Niape kwa nani? Wewe njo ulisema hakuna wa kuapia.

MAKUZA: Mbonigaba! Niliomba.

MBONIGABA: Nini? Sema tena, kwa nguvu. Laini.

MAKUZA: Niliomba! Niliomba Mungu! Hapo, umefurahi? Wagonjwa wote wamegeuka, wananiangalia.

MBONIGABA: Uliomba namna gani?

MAKUZA: Namna gani, namna gani... Asubuhi moja, mbele ya kufungua dispansère. Nilisema, wewe mwenye uko kule, kama uko, mimi sijue. Sikuombe kitu yangu. Lakini ile ngombe ni ya Papa Kanyamibwa, na yeye ni mutu wako, amekutumikia tangu kijana, amekufundishia watoto bila mushahara. Usimupatishe haya mbele ya watu juu yangu mimi. Acha Bihogo itoe maziwa. Hiyo tu. Kisha nikasema amina, juu sikujua namna ingine ya kumaliza.

[Kikohozi kikubwa]

MAKUZA: Laini inakohoa?

MBONIGABA: Imeshikwa na baridi. Uko anfirmie, unajua hiyo mambo.

MAKUZA: Mbonigaba. Nani iko na wewe mu biro?

MBONIGABA: Sasa usikasirike. Simu yetu hapa iko na masikio mbili. Moja ya mwenye kusema, ingine ya kusikiliza tu, ya bwana mukubwa kama anataka. Bwana mukubwa ametoka. Hiyo sikio ya pili iko ku sikio ya Papa.

MAKUZA: Tangu wakati gani?

MBONIGABA: Tangu «haloo».

MAKUZA: Mama yangu!

MBONIGABA: Yeye njo alinikataza kukujibu. Alisema, acha aongee kwanza, nimusikie mwenyewe, bila watu wa kumupigia mikono.

MAKUZA: Papa! Shikamoo, Papa! Nisamehe, Papa, ile siku niliongea sana—

MBONIGABA: Hataki kuongea mu hii mashine, anasema inakula sauti ya mutu. Ngoja. Ndiyo, Papa... Anauliza, ulipiga magoti ao ulisimama?

MAKUZA: Nilisimama. Ku mulango. Chini kulikuwa matope.

MBONIGABA: Anasema alisimama, Papa, juu ya matope... Ndiyo... Anasema kusimama inahesabiwa.

MAKUZA: Lakini umuambie sitaki kumudanganya. Bado sijue kama kuna mwenye alinisikia.

MBONIGABA: Amesikia, sikio iko naye... Papa? Nimuambie hiyo? Kweli?... [anacheka] Makuza! Anasema nikuambie na yeye aliomba musamaha ile jioni. Si kwa Mungu. Alienda mu zizi, akamuambia Bihogo: si mimi, ni mutoto.

MAKUZA: [anacheka] Katekista?

MBONIGABA: Katekista muzima! Emérita alimuona. Usicheke sana, amekasirika kidogo... hapana, na yeye anacheka. Meno yote iko inje.

MAKUZA: Basi sasa niambie, kwa jina ya Mungu ya Papa! Bihogo inatoa?

MBONIGABA: Papa, nimujibu?... Makuza, ametembea toka Burungu na kibuyu ku kichwa. Iko hapa ku meza ya bwana mukubwa, imejaa mpaka ku shingo. Ni ya leo asubuhi. Bihogo inatoa kuliko mbele!

MAKUZA: Eeeeh! Eeeeh! [makelele ya wagonjwa] Inatoa! Ngombe inatoa! Hapana, nyinyi laleni tu, ni mambo ya kwetu!

MBONIGABA: Wamama wengine wameanza kuchemsha. Kwa kujificha, lakini moshi inatoka. Sasa nikuulize mimi. Tangu tumeanza, Bihogo, Bihogo, Bihogo. Dada yangu haujauliza hata mara moja.

MAKUZA: Niliogopa. Hakucheka ile siku.

MBONIGABA: Hakucheka juu alikuwa anaangalia vidole vyako. Alitengeneza mafuta ya kupakaa, iko mu kofia yako, amefunga na kamba, hakuna mwenye anaweza kugusa. Anasema ukuje. Anasema sufuria itakuwa ku moto, na mara hii wewe njo utaishika, na yeye atashika mama yako mukono mpaka maziwa ipande.

[Honi ya kamyo]

MAKUZA: Alisema nikuje wakati gani?

MBONIGABA: Hakusema wakati. Lakini Papa amekaa ku kiti ya bwana mukubwa, na hataki kuinuka. Anasema, kama konje yako haijaisha—

MAKUZA: Haijaisha! Nilikuambia! Daktari mwenyewe alishangaa kuniona!

[Honi tena, ndefu. Kamyo inanguruma]

MAKUZA: Kabera! Weee, Kabera! Ngoja! Mbonigaba, unisalimie Papa, umuambie—Kabera, ngoja, nakuja!

[Kishindo]

MBONIGABA: Haloo? Makuza? Shemeji? Shemeji, haloo!... Ametupa simu, Papa. Inaning'inia tu, nasikia inagonga ukuta... Ndiyo, anakimbia... Hapana, Papa, si kama siku ile. Leo anakimbia kuja huku.