Kona Aliyoipitiliza Clarrie

Benchi letu liko nje ya mkahawa kwenye Barabara ya Sydney, hapa Brunswick, karibu na kituo cha tramu. Kila Jumanne asubuhi tunakaa pale kuuchambua msafara wetu wa baiskeli wa Jumapili, tunakunywa kahawa na kusemana. Kila msafara una vazi lake: mara nyuki, mara pajama, mara nguo za harusi zilizokwisha kutubana. Anayechagua vazi ni Dot, tunayemwita Kipenga kwa sababu alivusha watoto wa shule barabarani mpaka akastaafu. Stathis ni Mkia, kwa kuwa yeye huendesha wa mwisho asiachwe mtu nyuma, naye ndiye anayevaa reflekta ya rangi ya chungwa. Graeme ana urefu wa mlango, basi jina lake Fupi. Jumanne hii hakuna aliyekaa mwisho wa benchi, mahali pa mwenzetu Clarrie. Jumapili lori lilimgonga Bell Street, akafia palepale. Alitakiwa akate kona kuteremka kwenye njia ya baiskeli kando ya kijito, yeye akaenda moja kwa moja. Binti yake alikuwa amefika kutoka Perth, na tulijua atakuja kutuuliza.

Kipenga: Mimi nasema ni jua. Saa ile linakupiga machoni, huoni hata usukani wako.

Mkia: Jua gani, mama, na mawingu yale? Si tulikuwa tunatetemeka?

Kipenga: Haya, sema wewe mjuaji.

Mkia: Magpai. Pale kwenye kona, juu ya mkaratusi, yupo yule ndege mshenzi, na sasa hivi ana makinda. Mwaka jana alimdonoa Clarrie sikio mpaka damu. Ndege wale wanashika sura ya mtu, bwana! Clarrie kamwona, kapitiliza.

Mimi: Clarrie amkimbie ndege? Mtu aliyejaza vijiti vya plastiki vya kuzuia ndege kwenye helmeti mpaka akafanana na nungunungu? Alikuwa anampigia kengele makusudi kumchokoza!

Tulicheka. Halafu kila mmoja akaona haya, tukarudi kwenye vikombe. Fupi hakucheka. Alikuwa amekishika kikombe chake kwa mikono miwili na hajanywa.

Kipenga: Basi kengele ndiyo iliyomponza. Ndege kaweka kinyongo.

Mkia: Tena hakuwa mmoja. Wale wanaitana. Nakwambia walijipanga kwenye waya kama askari, wakamfukuza mpaka Bell Street.

Mimi: Uliwaona?

Mkia: Sikuwaona, lakini nawajua.

Kipenga: Mimi nahisi aliitwa. Yeye na marehemu mkewe Beryl si walikuwa wananunua samaki wa kukaanga ng'ambo ya Bell Street kila Jumapili?

Mkia: Duka lile lilishakufa zamani. Wanauza magodoro pale.

Kipenga: Kwa Clarrie halikufa. Miguu yenyewe ilimpeleka.

Mkia: Basi nyote hamjui kitu. Ile kona imehamishwa.

Mimi: Kona imehamishwa!

Mkia: Ndiyo. Wanakuja usiku na mashine, wanaisogeza njia kidogo kidogo. Mtu mzima ataacha kupotea?

Niliwaacha waendelee. Nawapenda watu hawa, lakini asubuhi ile walinichosha. Walikuwa tayari kuyashtaki hata mawingu, ili mradi isitajwe habari ya mtu wa kwenye kona. Maana sisi tuna utaratibu. Kiongozi akikata kona, humwacha mtu pale, anyooshe mkono kuwaonyesha njia wanaofuata. Mtu huyo haondoki mpaka amwone Mkia na reflekta yake. Fupi aliujua utaratibu huo kuliko sisi sote, kwa kuwa kwa urefu wake ndiye aliyeachwa kwenye kona mara nyingi.

Mwanamke mmoja akashuka kwenye tramu akaja moja kwa moja kwetu. Hatukuhitaji kuambiwa. Alikuwa na masikio ya Clarrie.

— Ninyi ndio wa baiskeli? Mimi Narelle. Clarrie ni baba yangu.

Tulisimama wote kwa pamoja, tukagongana mabega, kila mtu anasema pole. Kipenga akamkumbatia. Narelle akaketi mwisho wa benchi, pale pale pa baba yake, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Kipenga: Tulikuwa tunasema hapa, mwanangu, huenda ni jua…

Narelle: Habari za lori polisi wameniambia. Mimi nimekuja kwa ajili ya kona. Kila Jumapili nilikuwa namfokea kwenye simu: Baba, umri huo, baiskeli ya nini? Yeye ananijibu, tulia Narelle, kila kona kuna mtu. Siku ile kwenye kona alikuwa nani?

Mkia alianza kukohoa. Nilijua anatafuta ndege mwingine wa kumsingizia. Fupi akaweka kikombe chini.

Fupi: Mimi.

Kipenga: Graeme…

Fupi: Niache, Dot. Ni mimi, dada. Vazi la siku ile lilikuwa la mafundi wa barabara. Watu wote wamevaa reflekta za chungwa. Nikaona reflekta inakuja, nyuma yake sioni mtu, nikajua ndiye Mkia. Nikapanda nikaondoka. Nilikuwa nasikia baridi, nataka kuwahi pai zetu za mwisho wa safari. Kumbe ni mwenzetu mwingine tu.

Kipenga: Vazi nililichagua mimi. Niliona litachekesha. Sikumfikiria mtu wa kwenye kona hata kidogo.

Mkia: Na mimi nilibaki nyuma namzibia mama mmoja pancha. Clarrie alitaka tungoje pamoja. Nikamwambia, tangulia mzee wangu, Fupi yuko kwenye kona.

Nilisubiri Narelle apige kelele. Kusema kweli nilitamani apige, atutukane, atupe hata kikombe, tupate nafuu. Hakufanya hivyo. Alimtazama Fupi, na jitu zima lile likawa linalia bila kujifuta.

Narelle: Kwa hiyo alifika pale peke yake, akakuta hakuna mtu.

Fupi: Ndiyo.

Narelle: Alisimama?

Fupi akamtazama Mkia. Mkia akamtazama Kipenga. Kipenga akanitazama mimi, kana kwamba mimi niliyekuwa mbele kabisa, nimeshaanza kula pai, ningejua.

Narelle: Baba alikuwa mtu wa kungoja watu. Tulikuwa tunachelewa kila mahali kwa sababu yake. Nataka kujua hilo tu, basi. Alisimama kidogo kuwangoja ninyi?

Kwenye kona ile hakukuwa na hata mmoja wetu.