Msiba wa Vidole Vinne

Ndugu zangu, Bwana asifiwe, asifiwe hata na kinywa chenye hasira kama changu!

Mimi Danieli, seremala wa mtaa wa Ng'ambo, Unguja, mwenye cheti cha masomo ya jioni ambacho hata mbuzi wa jirani wanakijua, niliamini kwa moyo wote kwamba Marafiki wanafuga jini. Hao ni Wakristo wachache waliotoka Pemba. Ibadani hawana kwaya wala mahubiri, hukaa kimya mpaka mmoja wao aguswe na Roho. Mtaani ilisemwa kuwa kimya kile ndiyo saa ya jini kula, na anayekohoa kwanza huondoka bila ulimi. Nami, msomi mzima, nilipopita mlangoni pao nilibana karafuu chini ya ulimi ili jini aungue!

Sasa sikilizeni nilikotolewa. Wakati majumba ya Michenzani yanajengwa, mimi na kaka yangu Yohana tulifanya kazi kwenye karakana ya samani ya mzee mmoja wa kanisa letu. Jumapili mzee yule aliomba mpaka mabati ya kanisa yakatetemeka. Jumatatu aliing'oa kinga ya msumeno wa mashine ili mbao zitoke haraka. Msumeno ukachukua vidole vinne vya mkono wa kulia wa Yohana. Damu haijafutwa sakafuni, mzee akamfukuza kazi, akasema mbele yetu sote: "Vidole vyake, msumeno wangu. Mimi nimeharibu nini?"

Ndugu zangu, hasira yangu siku ile ingechemsha bahari kutoka Malindi hadi Chwaka! Yohana kalazwa hospitali, na ana watoto. Atawalisha nini? Kanisani nikaambiwa nisamehe, ninyamaze. Ninyamaze! Nikanunua chupa ya mafuta ya taa nikaichome karakana. Njiani nikaingia kwa Marafiki. Nakwambieni kweli, nilitaka kumwazima yule jini.

Walikuwa wamekaa kwenye mikeka, kimya. Nikakaa nao, karafuu mdomoni, chupa kikapuni. Kimya kikanibana mpaka nikatema karafuu na maneno yote kwa pamoja, nikayasema ya Yohana huku nalia. Hakuna aliyeniambia nisamehe. Bi Raheli, mama wa makamo mshona magodoro, alikuwa ubavuni kwangu na harufu ya kikapu ilikwishamfikia.

"Danieli, nipe mafuta hayo," alisema. "Tuchemshie chai, kesho twende kwa huyo mzee wako."

Asubuhi tukatandika mikeka mbele ya mlango wa karakana, tukakaa vilevile, kimya. Mzee akatoka kutudhihaki, akauliza kama tumekuja kununua kabati au tunatafuta kazi ya ulinzi. Lakini nyinyi mnaijua Ng'ambo: watu wakikaa kimya mikekani mbele ya mlango, huo ni msiba. Majirani wakaja kutoa pole. Wanaume wakavua viatu wakakaa, wanawake wakajitanda kanga, mmoja akaleta birika la kahawa. Nusu ya Unguja ilihamia pale! Kila aliyefika alimuuliza Bi Raheli nani amefariki, naye akajibu kwa upole:

"Hajafa mtu. Tumekaa matanga ya vidole vya Yohana."

Wakishasikia kisa, hawakuondoka. Walibaki wamekaa, wakimtazama mzee. Wateja wakaishia mlangoni. Alasiri mafundi wenzangu wakazima mashine, wakatoka, wakakaa nasi.

Jua halijazama, mzee akashindwa. Aliirudisha kinga mbele ya macho yetu, akamrudisha Yohana kazini awe mpima mbao akipona, akakubali kumlipa ujira wa siku zote za hospitali.

Namshukuru Mungu! Hasira hakuniondolea, ndugu zangu, ninayo tele, na namkasirikia mpaka leo kila aombaye Jumapili na kung'oa kinga Jumatatu. Aliniondolea ile chupa. Nawe uliyebeba yako, mwamini Bwana, njoo nayo hivyo hivyo, mkeka una nafasi.

Na yule jini? Nilimuuliza Bi Raheli tulipokuwa tukikunja mikeka. Hakucheka.

"Hakuna jini, Danieli. Tunakaa kimya ili tusikie nani anaumia. Tukishasikia, tunakwenda."